Risiti

Karani wa kambi ya Kotido ana kalamu mbili,
moja imekauka. Anaikung'uta, anauliza:
"Jina la mwenye bunduki?"

Jana mkutanoni ofisa alinguruma kwenye kipaza sauti:
raia hamiliki rashasha,
si kwa leseni, si kwa machozi.
Bastola ya tajiri wa Kampala, hilo jambo jingine.
Basi mwenyewe, kisheria, hayupo.
Nikamwambia: andika ng'ombe.

Ng'ombe wanne na fahali mwenye baka jeupe,
ndivyo Lokwang alivyoinunua mwaka wa njaa.
Mimi nilimgharimu zaidi kidogo.
Usiku aliilaza kati yetu kama mtoto mwenye homa;
naijua harufu yake:
mafuta, moshi, jasho la kiganja.

Walipomleta kutoka malishoni
risasi zake zilikuwa kamili. Nilizihesabu.

Nikaifukia ghalani, chini ya mtama.
Tukala mtama.
Ghala likashuka, likashuka,
hata mdomo wa chuma ukachungulia.

Karani hacheki. Anaandika: Nakut, mjane.
Anasoma namba, anakosea, anarudia,
ananipa karatasi yenye muhuri wa zambarau.

Langoni Lomuria ananivuta shuka:
"Mama, na wale wa ng'ambo ya mpaka,
wamerudisha zao?"

Nyumbani naikunja karatasi mara nne,
naiweka ilipolala bunduki,
ghalani, palipokuwa na mtama.