Chumvi na Sukari

Gari hili lilikuwa la mkate.
Ukilitazama jua likiwa pembeni
utaona bado, chini ya rangi ya kijani,
herufi M na K na nusu ya T.
Miaka kumi na tisa nililiendesha,
Nakuru hadi Kericho kabla ya jogoo,
na kampuni ilipofunga milango nikalinunua mnadani
kama mtu anayekomboa punda wake mwenyewe.

Nikatia kitanda, sinki, jiko la gesi,
friji ndogo ya volti kumi na mbili.
Majirani wa Lanet wakamuuliza Nafuna:
mmefukuzwa na nani?
Yeye ana sukari, mimi nina gari,
ndivyo tulivyogawana uzee.

Betri zilikuwa mbili, za risasi na asidi,
zimekula chumvi nyingi, kama wasemavyo,
ila hizi zilikula kwelikweli:
ukiinua godoro unaiona, nyeupe na samawati,
imeota kwenye vichwa vyake
kama ukungu wa mkate wa juzi.

Zilitutupa Simbi, usiku wa pili.
Tuliegesha chini ya mkuyu kwa sababu ya joto,
na hapo ndipo hesabu zangu zilipokwama:
juani, bati linakuoka;
kivulini, paneli inalala usingizi.
Friji ikanguruma, ikakohoa, ikanyamaza.
Kufikia saa nane mchana ndani palikuwa tanuri
na insulini ya Nafuna, chupa tatu,
ilikuwa na joto la chai iliyosahauliwa.
Hakunilaumu. Alizipanga dirishani,
akasema, washa gari.
Kutoka Kendu hadi Nakuru
nilihesabu matuta.

Fundi Taprandich ana karakana Shabab
na hambembelezi mteja.
"Mzee, hiyo mia mbili uliyonunua ni mia.
Nusu ya chini ya betri ya risasi ni mbegu.
Ukila mbegu, utapanda nini?"
Akashika waya niliouvuta kutoka kwa altaneta,
akaupima kwa ukucha.
"Na huu? Huu ni wa redio.
Unajaza tangi kwa mrija wa soda."

Akaleta lithiamu moja, nyepesi kuliko hofu yangu,
bei yake ng'ombe wa gredi na ndama wake.
Nikasema basi, ifunge kwa altaneta twende.
Akaniangalia.
"Hii ina kiu. Ukiwaacha uso kwa uso
itamnyonya mwenzake mpaka aungue.
Lazima awepo mshenga katikati."

Mshenga ni kisanduku cha buluu
chenye mapezi kama ngege,
kinapokea kwa adabu, kinatoa ampia thelathini,
hata ukikipigia magoti hakizidishi.
Nyaya mpya, nene kama kidole gumba.
Fyuzi akaiweka shubiri moja kutoka kwa betri:
"Mtoto mchanga hakai mbali na titi."
Zile kuukuu akanikataza kuzitupa shambani;
kuna mtu wa vyuma Kaptembwo
huzipima kwa kilo na hakuulizi zimeishi vipi.

Tukarudi Simbi mwezi wa pili.
Palepale, chini ya mkuyu uleule;
Nafuna ndiye aliyesisitiza,
kama anayemrudisha shahidi mahakamani.
Paneli ikalala. Haikuwa shida:
njia nzima, kupanda Kericho na kushuka Ahero,
injini ilikuwa imetulimia.

Saa tisa usiku nikaamka, desturi ya mikate.
Simu ikaniambia: asilimia sabini na nne.
Sikuiamini. Nikafungua friji,
nikaiegemeza chupa moja shavuni.
Baridi. Nikaongeza dakika, nikajaribu ya pili.
"Unaumaliza moto," akasema gizani. "Funga."

Nikafunga.
Nilipotazama simu tena,
sabini na tatu.