Mizani ya Katuba

Mizani hii ilikuwa ya kampuni.
Ukisugua kutu chini ya sahani
herufi mbili bado zinasomeka.
Kila Jumanne naipangusa,
kisha mama wa kwanza anamvua mtoto nguo.

Bibi yangu Mwape alimleta hapa mwanawe wa tatu.
Kilo tano na nusu. Sista akafurahi,
akampa kopo la maziwa na kipande cha sabuni,
na kando ya jina, kwa kalamu nyembamba, akaandika: *tanuri*.
Mtoto hajaota jino,
tayari ana zamu.
Samaki mkunje angali mbichi.
Wakamkunja kwa maziwa.

Nyumbani mama mkwe akamvua kofia ya sufi,
akalitazama sikio, lile lenye kovu la kuzaliwa nalo,
akapiga magoti: Baba, umerudi.
Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kumchapa.
Huku ni mfanyakazi wa kesho,
huku ni mzee wa jana,
na katikati mtoto analilia titi.

(Mjomba Kisimba hakuyeyusha shaba, wala hakumrudisha mtu.
Alishona suti kule Kamalondo.
Alikufa na deni la vifungo.)

Mimi nilikulia enzi za chama.
Tulisimamishwa uwanjani tangu alfajiri, vitambaa vya kijani shingoni,
tumwimbie mgeni ambaye gari lake halikupunguza mwendo.
Ninyi ni taifa la kesho, mwalimu alisema.
Nilimwuliza, kesho saa ngapi?
Kiganja kinakumbuka jibu.

Siku hizi akina mama hunieleza kabla sijauliza.
Huyu daktari.
Huyu atatujengea ya ghorofa.
Huyu atafika Kanada, awavute wenzake.
Mama Musonda peke yake hasemi kitu.
Kifungua mimba wake ana miaka tisa,
anaosha mawe mtoni,
na kucha zake hazitakati tena, hata kwa ndimu.

Leo kamleta mdogo.
Namlaza juu ya sahani, baridi inamshtua,
halafu anaona mshale unacheza naye anaanza kucheka,
anapiga teke, mshale unaruka,
anacheka zaidi.
Foleni imefika barabarani. Mtu anafyonza.
Tulia, baba, namwambia,
na neno hilo linanishangaza mdomoni.
Hatulii.

Naandika: kilo sita na kitu.