Robo Mzunguko

Februari, Tampere. Ziwa limekuwa barabara
na mabomba ya joto yanainywa hewa ya nyumbani
mpaka tone la mwisho.
Mti hukauka hata ukishakuwa ala,
ndiyo maana wiki hii wananijia mmoja mmoja,
wamebeba magitaa kama wagonjwa waliolala vibaya.
Shingo, fundi. Shingo.

Leo ni Veikko Haapasalo.
Miaka ishirini na sita alipiga besi
kwenye meli ya usiku, Turku hadi Stokholmu,
tango baada ya tango, sakafu ikiinama
na wachezaji wakiinama nayo.
Anavua glavu, ananionyesha mkono wa kushoto:
vifundo vimevimba kama tangawizi.
"Nishushie nyuzi, Aune.
Nataka nikifikiria tu, ziwe zimeshagusa."

Kila anayetaka nyuzi chini
hudhani chini hakuna mwisho.

Nalilaza gitaa juu ya taulo.
Nabana uzi mnene kwenye taruma la kwanza,
naubana tena shingo inapokutana na mwili,
na pale katikati, taruma la nane,
natazama mwanga ukipita chini ya uzi.
Mwanga tele! Kadi ya benki ingepita bila kuinama.
Hili halikukauka. Hili limelowa.

"Unaliweka wapi?"
Anatazama dirisha.
"Veikko."
"Chumba cha kuvulia nguo. Kando ya sauna."
Kimya.
"Tellervo hataki lionekane sebuleni."

Nalegeza nyuzi. Natia spana shingoni,
inashika ile fimbo ya chuma iliyofichwa ndani,
na nazungusha: robo.
Robo tu.
Mti hauamrishwi. Unaombwa,
kisha unaachiwa muda wa kufikiri.
Basi tunakunywa kahawa, ya pili, ya tatu,
naye ananieleza bei ya mafuta ya kupasha nyumba,
na binti yake wa Oulu asiyepiga simu,
na mimi naitikia, sikio langu moja likiwa mezani
nikisikiliza kama ubao utalia.

Hautalia. Natazama tena: mwanga umekuwa uzi.

Sasa daraja. Kila uzi na tandiko lake,
kila tandiko na skrubu mbili ndogo
zinazotaka macho niliyokuwa nayo zamani.
Milimita tatu. Mbili na nusu. Mbili.
"Jaribu."
Anajaribu. "Bado."
Moja na nusu na nywele.
Kidole chake cha pete kinashuka
kama mtu anayekaa kwenye kiti anachokijua,
na uso wake, ambao tangu asubuhi ulikuwa umekunjwa,
unakunjuka.

Halafu taruma la saba, uzi wa tatu: zzzz.
Nzi ndani ya chupa.
Nanyoosha mkono wenye bisibisi.
"Acha."
"Unakwaruza, Veikko."
"Nimesema acha."
Anaupiga tena, kwa makusudi, kichwa kimeinama.
"Kulikuwa na kijiko kwenye kabati langu la melini.
Injini ikiwaka, kijiko kililia hivi hivi.
Kikinyamaza, nilijua tumefika
na lazima nikatafute pa kulala."

Mimi ni fundi. Kazi ikitoka hapa inatoka na jina langu.
Nilitaka kumwambia hivyo.
Nilitaka pia kumwambia kwamba kwa nusu mzunguko
ule mlio ungekwisha, na mkono wake usingejua.

Nyuzi tatu nikazisafisha sauti, moja nikaiacha.
Kwenye daftari nikaandika tarehe, vipimo,
na chini yake: *Uzi wa tatu unaguna,
kwa idhini ya mwenyewe.*
Akalipa kwa noti iliyokunjwa mara nne.

Na kabla hajavaa glavu zake
nikachukua kalamu nene na utepe mweupe,
nikaubandika juu ya begi, mahali ambapo Tellervo
hawezi kusema hakuona,
herufi kubwa:
SEBULENI.