Punje ya Nne

Kidude cha kuhesabia hakikufika Moshi,
hivyo Mwalimu Ndelilio akanipa punje za mahindi:
mpira mbaya, hamishia moja mfuko wa kulia.
"Nne zikitimia, mpigaji anatembea bure hadi besi ya kwanza.
Na ukiita, ita. Usiulize."

Uwanja wa Pasua, saa nne, vumbi limeamka kabla yetu.
Besi ni viroba vya unga vilivyojazwa mchanga.
Nimechuchumaa nyuma ya mdakaji,
barakoa inanuka jasho la mtu nisiyemjua,
mpira wa kwanza ukaja, nami
nikafumba macho.
"Refa kalala!" sauti kutoka kwenye michongoma.

Aikaeli alikuwa wa mwisho. Nilishaota sauti.
Mpira ukapita magotini, labda chini kidogo.
Vidole vikapapasa mfukoni: tatu.
"Straiki! Auti!"
Hakubisha. Alinitazama,
akalilaza gongo taratibu, kama anayelaza mtoto.

Usiku nafua suruali.
Natoa punje moja, mbili, tatu,
na ya nne,
imejibanza kwenye mshono.

Kesho nitapita kwao, Kiboriloni.
Sijui nitasema nini.
Punje nimeitia kwenye kiberiti.