Kisanduku cha Nguba

Jumamosi, Bukavu. Umeme wa Ruzizi
umekatika mara mbili kabla sijakaza skrubu ya mwisho.
Kisanduku cheusi, unene wa Biblia,
nakiweka kati ya kampuni ya kahawa na dunia:
kila ukurasa upite hapa, upekuliwe,
bahasha ifunguliwe, isomwe, ifungwe tena
kana kwamba haikuguswa.

Cirhuza, sentineli wa getini, ananiletea chai.
“Nacho kinaandika wapitao, kama daftari langu?”
Kinaandika. Hakisinzii.
“Maskini,” anasema. “Kitajua mengi.”

Jumatatu kimenasa kamari, sinema za wizi,
ankara tatu bandia zenye sumu ndani.
Mkurugenzi ananipa mkono.

Jioni nasoma kumbukumbu, mstari kwa mstari.
Mashini namba tisa, ya Nzigire wa malipo:
*uvimbe kwenye titi hauumi*
*uvimbe kwenye titi hauumi, bei ya kupima*
*mtoto wa miaka minne hukumbuka nini*

Nimekifumba macho upande wa hospitali.
Upande wa sumu, kikeshe.

Asubuhi Nzigire, kwenye ngazi:
“Mashini yako inafanya kazi?”
Inafanya, namjibu,
nikiangalia tope la viatu vyangu.