Mapindo Yasiyolingana

Ruwi, saa tano asubuhi. Feni inazungusha joto lile lile.
Fundi Riyasat ametandaza mapindo matatu kama karata.

La sufu ya kufuma: linavutika, halitaki kazi.
"Baridi ya Jabal Shams, chukua hili."
La vishikizo vya shaba, viwili, vinalia ta.
La zipu, hadi karibu na kiwiko.

Mama alisema: koti la ngozi, Maskati, mwezi wa sita?
Umerogwa?
Pikipiki ipo uani chini ya turubai
tangu ile kona ya Birkat al-Mauz.

Nautoa mkono wa kushoto ndani ya baibui.
Vidole vitatu havikunjiki.
Riyasat anautazama, kisha anatazama uzi.

La kufuma, hapana. Nataka kufunga mwenyewe.
Kushoto tia vishikizo, kulia utavifunga.
Kulia tia zipu,
na pete kubwa, niivute kwa meno.
Mkono mzima ndio usio na wa kuufunga.

"Hayatalingana, binti."
Chaki imesimama hewani.

Yalingane na nani?

Anacheka puani.
Ananyoosha futi, anaanza na ule mbovu.