Kutunga

Miaka kumi na tisa nilipima shanga kwa kilo,
Jablonec, ghorofa ya pili, meza ya dirishani.
Nyekundu kwa nyekundu. Buluu kwa buluu.
Zenye tundu lililoziba, ndooni.
Sikuwa Drahomíra. Nilikuwa mia mbili kumi na mbili,
na kila kidani kilichotoka mlangoni
kilibeba jina la mtu asiyejua
sindano inaingilia wapi.

Siku nilipoacha, Bwana Hruška aliuliza,
"Utakula vioo?"
Nikamwambia nitajaribu.
Nikaomba ile ndoo ya matundu mabovu. Akacheka, akanipa.

Meza ya jikoni, basi. Viazi upande huu, shanga upande ule,
Vendulka na daftari lake la hesabu katikati.
Theluji imefunga njia hadi kanisani,
bomba la maji linaguna ukutani,
nami nazibua kwa tupa nyembamba,
ushanga mmoja, pumzi moja,
hadi macho yanaota mchanga.

Ushanga ukianguka husema:
ti, ti, ti, kisha kimya chini ya jiko.
Nimelala kifudifudi, tochi mdomoni,
natafuta kitu kidogo kuliko punje ya mtama.
Aliyeniona angedhani nasali.
Nilikuwa natukana.

Sokoni Desemba, vidole vimekuwa vya mbao.
Mwanamke wa kofia ya manyoya akainua kikuku:
"Cha mashine ni nusu ya bei."
Nikafungua mdomo niseme: siku tatu, mama,
siku tatu na kipande cha jicho la kushoto.
Nikasema, "Haya, chukua kwa nusu."
Nikarudi kwa miguu, aibu mfukoni
mahali pa nauli.

Wanasema chanda chema huvikwa pete.
Na chanda cha mtunga shanga?
Changu kina matundu kushinda chekeche.

Halafu Machi, kidani cha Apolena,
safu saba, rangi ya bia na ya moshi,
kikakatika kwenye ngazi za kanisa, mbele ya wakwe.
Shanga zikateremka kama watoto waliosikia kengele.
Nikapiga magoti na gauni langu la pekee.
Bibi harusi naye akapiga magoti.
Kisha mpiga kinanda. Kisha padri, mzee, viungo vikilia.
Tukaokota mia nne na kumi.
Saba zimo hadi leo katika nyufa za mawe;
jua likizipata, mimi huzijua.

Nikakitunga upya. Uzi wa hariri, maradufu,
fundo, ushanga, fundo,
wiki nzima, bila kudai hata senti.
Apolena akakivaa, akakivuta kwa nguvu machoni pangu.
Kikashika.
"Sasa nitajie bei yake ya kweli," akasema.
Nikaitaja. Sauti yangu ilitetemeka, lakini haikushuka.

Kutunga. Neno lilelile kwa shanga na kwa mimba,
na kwa haya ninayoyaandika:
huanzia kwenye tundu dogo lenye giza
na mtu anayelamba ncha ya uzi.

Leo nimekata kadi ndogo za kubandikia hereni.
Nilipofika mahali pa jina, nikasita;
mkono ulitaka kuandika mia mbili kumi na mbili.
Vendulka akaninyang'anya kalamu, akaandika DRAHOMÍRA
kwa herufi kubwa mno, kadi ikajaa,
pakakosekana nafasi ya bei.